Kila Mtu na Rai Yake, Udugu Palepale

Hotuba iliyotolewa jioni ya sherehe ya kumbukumbu ya mandir yetu, Tanga, mbele ya wanachama na majirani

   

Tunaishukuru Kamati kwa kutupa nafasi hii. Sisi si wasomi. Elimu yetu iliishia sekondari, na chuo kilichotufunza mengine yote kilikuwa kaunta ya duka. Kwa hiyo tutasema kwa lugha ya dukani, na mtatuvumilia. Tumeombwa tuzungumze juu ya amani. Amani ni neno kubwa, na mtu wa biashara huogopa mzigo asioweza kuubeba. Tumechagua kipande kimoja tu: namna ya kuumaliza ubishi pale ambapo kila upande una rai yake na hakuna aliye tayari kuiacha.

Tuanze na jambo dogo la kuchekesha. Katika Kigujarati, kaka ni ndugu mdogo wa baba. Katika Kiswahili, kaka ni ndugu wa kiume aliyekutangulia kuzaliwa. Kwetu dada ni babu mzaa baba. Kwa Kiswahili dada ni ndugu wa kike. Na kwetu sisi mama ni mjomba! Tulipokuwa watoto tukicheza gololi na wenzetu, mzee mmoja mwenye masharubu meupe alipita, wakatuuliza ni nani. Tukajibu kwa fahari, “Huyu ni dada wa jamaa yetu.” Wakacheka hadi wakakaa chini. Tukakasirika, tukashikana mashati. Mama wa rafiki yetu mmoja akatoka jikoni, akasikiliza kesi yote, kisha akasema, “Kwao ni babu, kwenu ni dada. Basi ndiyo mpasuliane mashati? Njooni mle.” Tukala. Hakuna aliyebadilisha lugha yake siku ile, na hakuna aliyeondoka na njaa.

Wahenga wamesema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Lakini mambo ya majina ni mepesi. Rai zinazovunja nyumba ni zile za mahali pa kuishi, za mali, za watoto na za ibada. Kwa hiyo tunaomba ruhusa ya kusimulia yaliyotokea nyumbani kwetu. Wahusika wakuu wote wamekwisha kutangulia, na ndugu zetu waliobaki wameridhia tuyaseme.

Baba yetu na Kaka (tunamwita kwa Kigujarati, yaani baba yetu mdogo) walikuwa na duka moja, daftari moja na jiko moja. Duka liliuza vitambaa na vyombo vya nyumbani, na wateja wake wengi walikuwa wafanyakazi wa mashamba ya mkonge waliokuja mjini mwisho wa mwezi. Juu ya duka kulikuwa na vyumba. Vingine tuliishi wenyewe, vingine tulipangisha. Mwezi wa Aprili 1971 ikaja sheria ya kutaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, na jengo letu likawa miongoni mwake. Mwaka uliofuata, Agosti 1972, zikafika habari za Uganda kwamba Waasia wamepewa siku 90 waondoke. Sababu na matokeo ya mambo yale tunawaachia wanahistoria. Leo tunasimulia yaliyotokea mezani kwetu baada ya chakula cha jioni.

Kaka alisema, “Tuhamie Uingereza tungali na nguvu.” Baba alijibu, “Hatuhami. Baba yetu aliteremka bandarini hapa na sanduku moja la bati, na majivu yake yamo katika bahari hii.” Kila mmoja alikuwa na hoja. Kaka alikuwa na watoto wadogo, na alihofia kwamba mlango ulio wazi leo kesho utafungwa. Baba alikuwa na uraia wa nchi hii, aliouchukua kwa hiari yake mwenyewe baada ya Uhuru, na aliona kwamba kuondoka kungekuwa ni kula kiapo na kukitema. Laiti wangaliishia hapo! Lakini mwamba ngoma huvutia kwake. Kila jioni mjadala ulianza upya, na kila jioni maneno yaliongezeka makali. Mwishoni hawakuzungumza tena juu ya kuhama au kubaki. Walizungumza juu ya tabia. Kaka alimwambia Baba kwamba anazipenda rafu za duka kuliko wanawe. Baba alimwambia Kaka kwamba ni mwoga tangu utotoni. Sisi watoto tulikuwa chumba cha pili, na tulisikia yote.

Januari 1973 Kaka na familia yake waliondoka kwenda Leicester. Baba hakwenda kuwaaga. Alikaa dukani, akakunja kitambaa kimoja mara nyingi mno.

Kwa miaka minane wale ndugu wawili hawakuandikiana hata mstari mmoja. Mama yetu na mke wa Kaka waliandikiana kwa siri, ndipo tukajua kwamba Kaka, aliyekuwa na duka lake, sasa anafanya kazi zamu ya usiku katika kiwanda cha soksi. Baba naye hakuuliza. Nyumba ilizoea kimya kile kama watu wanavyozoea bomba linalovuja.

Hapa tuwaeleze majirani zetu desturi yetu moja. Katika siku za Diwali, wafanyabiashara wa Kigujarati hufungua madaftari mapya na kuyaombea baraka. Ibada hiyo huitwa Chopda Pujan. Hesabu zilizokwisha hufungwa, na zile ambazo hazijaisha huhamishiwa katika daftari jipya pamoja na salio lake. Mwaka 1981, mmoja wetu aliyekuwa amemaliza kidato cha nne akaitwa kumsaidia Baba kuhamisha masalio, kwa kuwa macho ya Baba yalikuwa yameanza kuchoka. Katika ukurasa wa kwanza alikuta jina la Kaka na kiasi cha fungu lake katika duka. Akafungua daftari la mwaka uliotangulia: jina lilikuwapo. La mwaka wa nyuma yake: lilikuwapo. Miaka yote minane, Baba, ambaye hakutaka hata kulisikia jina la nduguye, alikuwa akiliandika kwa mkono wake mwenyewe mwanzoni mwa kila daftari, na fungu lile hakuligusa.

Kijana yule hakumwambia Baba kitu. Alikwenda kumwambia bibi yetu, mama wa ndugu hao wawili, ambaye sote tulimwita Ba. Ba hakujua kusoma, lakini hesabu za watu alizijua. Akasema, “Kama jina lake bado limo daftarini, basi hesabu haijafungwa.” Akamwita Baba na kumwagiza aandike barua.

Barua ya kwanza Baba aliisoma kwa sauti. Ilikuwa na kurasa tatu za hoja: kwa nini kubaki kulikuwa sahihi. Ba akasema, “Hii ni barua ya wakili. Andika nyingine.” Ya pili ilikuwa ya upole zaidi, lakini iliishia kwa kusema kwamba Kaka akikiri kosa lake, yote yatasamehewa. Ba akasema, “Wewe unataka nduguyo arudi, au unataka ukiri wake? Kama ni nduguyo, andika nyingine.” Baba aliondoka chumbani akiwa amekasirika, na kwa siku nne hakugusa kalamu. Siku ya tano akaandika ya tatu. Ilieleza habari za mvua, za mwembe wa uani, za afya ya Ba na za sisi watoto. Na ilikuwa na maneno haya, ambayo tunayakumbuka kwa kuwa yalisomwa mbele yetu: “Katika jambo lile, wewe una rai yako nami nina yangu. Sijabadilika, wala sikuombi ubadilike. Tusilifanye kuwa kesi tena. Njoo umwone mama.”

Kaka alifika Desemba 1982. Wenye umri wetu mnaikumbuka hali ya miaka ile: sabuni kwa foleni, sukari kwa foleni, duka letu lenyewe rafu tupu. Kaka alifungua sanduku, akatoa sabuni, dawa ya meno na betri za redio, akaziweka mezani. Sisi tulisimama tukingoja. Tulijua, na Baba alijua, kwamba hapo palikuwa mahali pa kusema, “Je, sikuwaambia?” Kaka alizitazama rafu tupu, akamtazama nduguye, akasema tu, “Ba anapenda sabuni yenye harufu ya msandali, nimekumbuka.”

Jioni ile, chini ya taa, Baba naye alimtazama Kaka vizuri. Nywele zilikuwa zimekwisha, na mgongo ulikuwa umepinda kwa zamu za usiku. Mtu aliyekuwa na duka lake na heshima yake mjini sasa alipigiwa kengele ya kuingia kazini. Hapo nako palikuwa mahali pa kusema, “Je, sikukuambia?” Baba alimsogezea kiti chenye mto.

Maneno mawili hayakusemwa, na nyumba ikapona. Walikaa pamoja wiki tatu. Wakaenda baharini, wakacheza karata, wakabishana juu ya kriketi. Juu ya lile jambo hawakukubaliana hata siku moja, hadi Baba alipofariki mwaka 1996. Ba aliaga dunia mwaka uliofuata ile ziara, akiwa amewaona wanawe wote wawili katika chumba kimoja. Nasi hadi leo, tukikutana na watoto wa Kaka, hatujui nani alikuwa sahihi. Wao walipata shule na kazi nzuri, lakini hawakumuaga bibi yao. Sisi tulimuaga bibi yetu, lakini tulifunga duka mara mbili kabla ya kusimama tena. Rai zote mbili zilikuwa na gharama, na kila mmoja alilipa ya kwake.

Ndugu zangu, lisidhaniwe kuwa jambo la watu wadogo tu. Wengi wenu mnazijua picha za Mahatma Gandhi, Mgujarati mwenzetu wa Porbandar, na za mshairi Rabindranath Tagore wa Bengal. Tarehe 15 Januari 1934 tetemeko kubwa la ardhi liliharibu jimbo la Bihar na kuua maelfu ya watu. Gandhi alitamka kwamba tetemeko lile ni adhabu ya Mungu kwa dhambi ya kuwatenga wale walioitwa watu wa tabaka la chini. Tagore, ambaye naye aliuchukia ubaguzi ule, hakukubali hata kidogo. Aliona kwamba maafa ya ardhi yana sababu za ardhi, na kwamba kuyafungamanisha na dhambi ni kuwafundisha watu ushirikina. Akaandika kumpinga waziwazi. Gandhi alifanya nini? Aliyachapa mapingamizi yale katika gazeti lake mwenyewe, Harijan, kisha akaandika jibu lake. Hakubadilisha rai, wala Tagore hakubadilisha.

Na si mara ya kwanza. Tangu miaka ya 1920 walikuwa wametofautiana juu ya kususia shule za Waingereza, juu ya kuchoma nguo za kigeni na juu ya gurudumu la kusokotea uzi. Lakini mwaka 1936, Gandhi alipojua kwamba mzee Tagore, mwenye umri wa karibu miaka 75 na afya dhaifu, anazunguka na kikundi chake cha maigizo ili kuchangisha fedha za chuo chake cha Santiniketan, aliona haifai. Akamtafutia rupia 60,000 kwa mfadhili, ili deni lilipwe na mzee apumzike. Hakumwekea sharti la kukiri kwanza habari ya tetemeko. Sisi wafanyabiashara tunaijua thamani ya malipo yasiyo na sharti.

Sasa turudi hapa mandirini. Wanachama mnakumbuka Diwali ya mwaka 2024. Siku za kalenda yetu hufuata mwendo wa mwezi, na hazianzi saa sita za usiku. Mwaka ule siku ya mwezi gizani ilianza mchana wa tarehe 31 Oktoba na kuishia tarehe 1 Novemba. Wako walioshika kwamba taa huwashwa jioni ambayo mwezi uko gizani. Wako walioshika kwamba sikukuu hufuata siku iliyolikuta jua la asubuhi. Hata India kwenyewe wengine waliwasha tarehe 31 na wengine tarehe 1. Hapa kwetu simu zilijaa ujumbe, na wazee wawili waliokaa benchi moja kwa miaka mingi wakaanza kukaa mabenchi mawili.

Tulipomweleza jirani yetu mmoja Mwislamu, mtu wa madrasa, alitabasamu akasema, “Karibuni katika mambo ya mwandamo wa mwezi.” Tukacheka wote, maana sote tunajua kwamba wako wanaofunga na kufungua kwa mwezi ulioonekana hapa nchini, na wako wanaofuata ulioonekana popote duniani. Akaongeza, “Nyumbani kwetu mimi na mdogo wangu hatuswali Idd siku moja kila mwaka. Lakini pilau ya kwake mimi nala, na ya kwangu yeye anakula.”

Kamati ikachukua hekima hiyo. Mandir ilifunguliwa jioni zote mbili. Aliyetaka kuwasha tarehe 31 aliwasha, aliyetaka tarehe 1 aliwasha, na Maharaj-ji alisimama nao wote. Chakula cha pamoja kikawa kimoja, siku ya mwaka mpya, tunapoambiana Saal Mubarak. Wale wazee wawili hawajakubaliana hadi leo. Wamerudi benchi moja, nao wanatusikiliza hapa. Tunawapa pole kwa kuwataja.

Mtatuuliza: je, kila ubishi umalizwe hivi? La. Mizani iliyopunjwa si tofauti ya rai. Deni lililokanwa si tofauti ya rai. Mkono uliompiga mke au mtoto si tofauti ya rai. Hayo yana haki yake na mahali pake pa kuamuliwa, na anayeyafunika kwa jina la amani anamsaidia mkosaji. Wala hatusemi funika kombe mwanaharamu apite. Baba hakuificha rai yake. Aliiandika wazi katika ile barua kwamba hajabadilika. Aliyoiacha ni nia ya kushinda.

Kwa uzoefu wetu, yako mambo manne yanayosaidia. Kwanza, mwache mwenzako aseme hadi amalize, kisha mweleze rai yake kwa maneno yako mpaka yeye mwenyewe aseme, “Ndivyo.” Mara nyingi utagundua kwamba ulikuwa ukibishana na jambo ambalo hakulisema. Pili, zungumzeni jambo, msizungumze tabia. Siku Baba na Kaka walipoanza kuitana majina, hakukuwa tena na hoja ya kujibiwa. Tatu, tafuteni kazi ambayo bado mnaweza kuifanya pamoja, hata kama ni kumtazama mama mgonjwa au kupika chakula kimoja. Nne, na hili ndilo gumu, siku matukio yatakapoonekana kukupa haki, usiseme, “Je, sikukuambia?” Neno hilo ni tamu mdomoni kwa dakika moja, na linaweza kugharimu miaka minane.

Vijana wetu, ninyi mtatofautiana kwa mengi kuliko sisi: juu ya nani aoe wapi, nani abaki Tanga na nani aende ng’ambo, ibada ifanywe kwa Kigujarati au kwa Kiswahili. Bishaneni; nyumba isiyo na ubishi ina mtu mmoja tu anayefikiri. Lakini kila mwaka mnapofungua daftari jipya, hakikisheni jina la ndugu yenu limo ukurasa wa kwanza, na salio lake mlihamishe bila riba.

Majirani zetu, mmekaa nasi miaka mingi mkivumilia kengele zetu za asubuhi na fataki zetu za Diwali. Hamjawahi kutuomba tufanane nanyi, nasi hatujawahi kuwaomba. Tunawashukuru kwa hilo kuliko tunavyoweza kusema.

Mungu aibariki mandir hii, aubariki mji wetu wa Tanga na nchi yetu, na awape pumziko wazee wetu waliotangulia, waliokubaliana na wasiokubaliana. Chakula kiko tayari. Karibuni mle.

Namaste.